Nani Anashika Kibaba cha Uzuri?

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Maneno haya mmeyasikia redioni, na sasa mnayo mikononi kwa maandishi, ili kila mmoja ayasome kwa mwendo wake. Anayesoma upesi na amngojee mwenzake. Penye neno gumu nitalieleza papo hapo.

Somo letu ni juu ya uzuri. Labda mmoja wenu atanung'unika na kusema, "Mimi nimekuja darasani kujifunza kusoma barua na kuhesabu fedha zangu. Habari za uzuri zitanifaa nini?" Namwomba ndugu huyo awe na subira. Mwisho wa somo ataona kwamba jambo hili lamhusu yeye, na mtoto wake, hata na fedha zake.

Wazee wetu walipima mchele kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne ni pishi moja. Mnunuzi mwerevu hakuutazama mchele peke yake, alikitazama na kibaba chenyewe. Maana mchele waweza kuwa mzuri, lakini kibaba kikiwa kimebonyea chini, utarudi nyumbani na upungufu. Hutapata haki yako kwa kubishana juu ya mchele. Utaipata siku utakaposema, "Bwana, hebu nikione hicho kibaba."

Uzuri nao una kibaba chake. Tunaposema, "Huyu ni mzuri," au, "Ngoma ile haifai," tunapima. Basi leo tuulize: kibaba hicho kilitoka wapi? Na nani anakishika?

Elimu ya kufikiri juu ya uzuri na sanaa huitwa ujumi. Mwalimu wa darasa, tafadhali liandike neno hili ubaoni: u-ju-mi. Tukisema ujumi wa watu weusi, maana yake ni fikira za watu wa asili ya Afrika, walio huku na walio ng'ambo, juu ya uzuri wao na sanaa yao. Watu hao waliambiwa kwa karne nyingi kwamba hawana uzuri wala sanaa. Tutazame waliambiwaje, na walijibu nini.

WATOTO NA WANASESERE

Huko Marekani walikuwako mtu na mkewe, Kenneth Clark na Mamie Clark, wote wawili weusi, wataalamu wa elimu ya nafsi ya binadamu. Mamie ndiye aliyeanza uchunguzi huu alipokuwa angali mwanafunzi. Katika miaka ya 1940 waliwachunguza watoto weusi 253, wenye umri wa miaka mitatu hadi saba. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1947.

Walimwekea kila mtoto wanasesere mbele yake. Mwanasesere ni mtoto wa bandia wa kuchezea. Wote walikuwa sawa kwa umbo, ila wengine walikuwa weupe na wengine weusi. Kisha mtoto aliulizwa maswali mepesi. Nipe yule unayependa kucheza naye. Nipe yule mzuri. Nipe yule anayeonekana mbaya. Na mwisho: nipe yule anayefanana na wewe.

Karibu watoto wawili katika kila watatu walimchagua mweupe wa kucheza naye. Zaidi ya nusu walisema mweusi ndiye mbaya. Halafu likaja swali la mwisho. Mtoto ambaye amekwisha kusema kwamba mweusi ni mbaya sasa anatakiwa aonyeshe anayefanana naye. Wengine walilia, wakakimbia kutoka chumbani.

Jiulize, ndugu: mtoto wa miaka mitatu amejifunza wapi maneno hayo? Hakuzaliwa nayo. Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha. Aliyaona katika picha za vitabu, katika matangazo ya madukani, na katika shule mbovu waliyotengewa watu wa rangi yake. Aliyasikia pia nyumbani, wakubwa walipokuwa wakizungumza. Kibaba kilikuwa kimekwisha kuingia rohoni mwake kabla hajajua kusoma.

Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao ni kinyume cha katiba. Miongoni mwa maandishi ambayo mahakama iliyataja mlikuwamo kazi ya Kenneth Clark juu ya madhara ya ubaguzi kwa watoto. Basi uzuri si neno la mapambo tu. Liliweza kufika hata mahakamani.

KIBABA KILITENGENEZWAJE?

Mpishi asifu chakula chake na mwamba ngoma huvutia kwake. Si ajabu mtu kupenda sura ya watu wake. Ubaya huanza anapotwaa kibaba cha nyumbani kwake na kusema, "Hiki ndicho kibaba cha dunia nzima."

Mwaka 1764 mwanafalsafa mmoja mkubwa wa Ujerumani, Immanuel Kant, alitoa kitabu juu ya hisia za uzuri. Mna mengi ya busara ndani ya kitabu hicho. Lakini humo humo aliandika kwamba Waafrika hawana kipawa kikubwa cho chote, wala hisia iliyopita mambo ya upuuzi. Kant hakupata kukanyaga Afrika. Karibu maisha yake yote aliyamaliza katika mji wake na vitongoji vyake. Na zama zake zilikuwa zama za biashara ya watumwa kuvuka bahari ya Atlantiki. Ni rahisi kumfunga mtu minyororo ukiwa umekwisha kujiambia kwamba mtu huyo hajui hata uzuri ni nini.

Mwaka 1897 majeshi ya Uingereza yaliuvamia mji wa Benin, ulio sasa katika nchi ya Nigeria. Walichukua maelfu ya vitu: vichwa vya shaba, vibao vya shaba vyenye sura za wafalme na askari, na pembe za ndovu zilizochongwa. Vitu hivyo vilipofika Ulaya, watu walishangaa. Wengine walisema haiwezekani kuwa kazi ya Waafrika, labda walifundishwa na Wareno. Wengine wakawataja Wamisri wa kale.

Lakini wazitazame kazi zenyewe! Fundi wa Benin alifinyanga kiini cha udongo, akakivika nta, akachora juu ya nta kila ushanga na kila mkunjo wa uso. Akaifunika kwa udongo mwingine, akaiweka motoni. Nta ikayeyuka na kutoka, ikaacha nafasi tupu. Katika nafasi ile akamimina shaba iliyoyeyuka. Ilipopoa alivunja udongo wa nje, na kazi ikatoka. Akikosea kidogo, kazi yote imepotea, kwa maana kila nta hutumika mara moja tu. Felix von Luschan, mtaalamu wa makumbusho ya Berlin, alikiri kwamba hata mafundi mashuhuri kabisa wa Ulaya wasingaliweza kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Angalieni jambo hili kwa makini. Kazi ilikuwa ile ile siku zote. Uzuri wake haukuanza siku ulipofika Berlin. Kilichokuwa na kasoro ni kibaba. Mwaka 2022 Ujerumani ilianza kuirudishia Nigeria baadhi ya vitu hivyo.

MABISHANO YA WATU WA HARLEM

Sasa twende Marekani tena, miaka ya 1920, hasa katika mtaa wa Harlem mjini New York. Watu weusi wengi walikuwa wamehamia huko kutoka majimbo ya kusini, wakikimbia umaskini na uonevu. Humo mlitokea washairi, wachoraji, waimbaji na waandishi wengi kwa wakati mmoja. Wote walikubaliana kwamba watu weusi wana uzuri na sanaa. Lakini wakabishana juu ya swali moja: sanaa yetu ifanye kazi gani?

Wa kwanza alikuwa W. E. B. Du Bois. Mwaka 1903 alikuwa ameandika kwamba mtu mweusi wa Marekani hujitazama daima kwa macho ya watu wengine, na kujipima kwa kipimo cha mtu anayemdharau. Mtaona kwamba jambo hili ndilo lile lililoonekana baadaye kwa watoto wa Clark. Mwaka 1926, akihutubia mkutano mjini Chicago, Du Bois alisema kwamba uzuri hauachani na ukweli wala haki. Kwake yeye sanaa ni ya kupigania haki, na sanaa isiyosaidia haki ya watu wake haikumshughulisha. Alisema pia kwamba watu weusi wenyewe ndio wawe waamuzi wa sanaa yao, kwa akili zilizo huru.

Wa pili alikuwa Alain Locke, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Howard. Mwaka 1925 alikusanya kazi za waandishi na wachoraji katika kitabu kimoja kilichopata sifa kubwa. Humo aliwaambia wasanii weusi wazitazame sanamu za Afrika, si kwa kuziiga tu, bali wajifunze ustadi na nidhamu ya mafundi wale. Mwaka 1928 Locke aliandika kupinga sanaa ya kupiga siasa. Hoja yake ni nzito, basi nitaieleza kwa mfano wangu mwenyewe. Mtu anayelalamika kila siku mlangoni pa jirani, hata akiwa na haki, bado amekaa mlangoni pa mtu. Maneno yake yote yanamwelekea jirani. Ataimba lini kwa ajili ya watoto wake mwenyewe?

Wa tatu alikuwa kijana mmoja, mshairi Langston Hughes. Mwaka ule ule wa 1926 aliandika gazetini habari za mshairi kijana aliyetaka kuitwa mshairi tu, asiitwe mshairi mweusi. Hughes alisema kwamba ndani ya haja hiyo imejificha haja nyingine: kutaka kuwa mweupe. Yeye alipenda nyimbo za watu wa kazi za mikono, walioimba huzuni zao na kucheka papo hapo. Alisema vijana wataeleza maisha yao bila hofu wala haya, yaliyo mazuri na yaliyo mabaya pia. Wazungu wakipendezwa, vyema. Wasipopendezwa, si kitu. Hata watu weusi wenyewe wasipopendezwa, si kitu vile vile. Bwana huyu alifika hata huku kwetu. Mwaka 1962 alihudhuria mkutano wa waandishi wa Afrika huko Makerere, Kampala.

Nani alikuwa na haki katika watatu hao? Sitawakatia shauri, maana ninyi ni watu wazima. Nitawaonyesha tu mahali walipokutana. Du Bois alitaka sanaa ipigane, Locke alitaka ijitegemee, Hughes alitaka iseme kweli bila kuona haya. Lakini wote walitaka kibaba kitoke mkononi mwa mtu wa nje, kirudi mkononi mwa mwenye mchele.

MUUZA VYUNGU WA FUMBA

Mtauliza, "Na huku kwetu, wakati Wamarekani weusi wanabishana, sisi tulikuwa wapi?" Jibu liko Unguja.

Yapata mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa. Jina hilo lilitangaza hali ya watu wake. Jamaa zake walikuwa wafinyanzi, naye alitembeza vyungu akivinadi. Watu wakaisikia sauti yake kabla hawajaviona vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba kwa ala. Baadaye akaitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Huyo ndiye Siti binti Saad.

Tufikiri kidogo juu ya majina hayo mawili. Mtu aliyeitwa Mtumwa akaja kuitwa Siti. Haukuwa uamuzi wa mahakama wala serikali uliombadilisha jina. Sanaa ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Zamani zile taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, lugha ya wapagazi na wapishi, ya wakulima na wauza samaki. Aliimba habari za mapenzi, na pia habari za wanyonge walioonewa. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, nchini India, pamoja na wanamuziki wenzake, na nyimbo zao zikatiwa katika sahani za santuri. Sahani hizo zilinunuliwa na kupigwa katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki. Ndipo watu wengi waliposikia kwa mara ya kwanza lugha yao wenyewe ikitoka ndani ya santuri.

Wako waliomhusudu. Walimtungia maneno ya kumkebehi, wakamkumbusha kaniki aliyokuja nayo mjini, na sura yake ambayo hawakuiona kuwa nzuri. Naye alijibu kwa wimbo, kwamba sura si hoja, hoja ni akili ya mtu. Oneni werevu wake. Hakusema, "Mimi pia ni mzuri kwa kibaba chenu." Alikikataa kibaba chenyewe, akaleta kingine. Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika kitabu cha maisha yake, na hicho mtaweza kukisoma mkimaliza darasa hili.

Hiyo kaniki nayo ina habari yake. Katika siku za utumwa, kaniki nyeusi ilikuwa vazi la watumwa wanawake na maskini. Utumwa uliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, mwaka ule ule uliovamiwa Benin. Baada ya hapo wanawake wengi wa asili ya watumwa waliiacha kaniki, wakavaa kanga zenye rangi na maua. Waliotazama kwa juu juu walisema, "Wanawake na mapambo!" Lakini haikuwa pambo tu. Mwanamke aliyejifunga doti ya kanga alikuwa anatangaza bila kufungua kinywa: mimi si mali ya mtu.

MWEUSI NI MZURI

Miaka ya 1960 mabishano ya Harlem yaliamka upya. Tarehe 28 Januari 1962, katika ukumbi mmoja wa Harlem, yalifanyika maonyesho ya mavazi. Waliopita mbele ya watu walikuwa wanawake weusi wenye nywele zao za asili, ambazo hazikunyoshwa kwa chanuo la moto wala kwa dawa. Maonyesho hayo yalitayarishwa na vijana wa chama kimoja cha sanaa, akiwamo mpiga picha Kwame Brathwaite na ndugu yake Elombe Brath. Neno lao lilikuwa: mweusi ni mzuri. Picha za Brathwaite zililieneza neno hilo mbali.

Mjini Chicago, mwaka 1967, kundi la wachoraji weusi liliuchukua ukuta wa jengo bovu katika mtaa wa watu maskini, likachora juu yake sura za watu weusi mashuhuri wapatao 50. Hawakungoja makumbusho yawafungulie mlango. Mama anayekwenda sokoni aliwaona mashujaa wake bila kulipa senti. Mshairi Gwendolyn Brooks alisoma shairi siku ya kuuzindua. Mwaka 1971 jengo lile liliungua, kisha likabomolewa. Lakini miji mingi ya Marekani iliiga, ikachora kuta zake.

Na sasa nawaambieni jambo litakalowafurahisha. Wamarekani weusi walipotafuta lugha ya Afrika ya kutaja matumaini yao, wengi waliichukua lugha hii hii tunayojifunza kuisoma hapa. Mwaka 1966, huko California, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa. Inaendelea siku saba, kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari, na kila siku ina neno lake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Siku ya sita, kuumba, ni siku ya sanaa. Maana yake wanayoieleza ni kwamba kila mtu afanye awezavyo ili aiache jumuiya yake ikiwa nzuri na yenye manufaa kuliko alivyoikuta. Basi ndugu unayeona haya kwa sababu lugha unayoijua ni Kiswahili tu, kumbuka kwamba wako watu ng'ambo ya bahari walioyatafuta maneno yako kama mtu atafutaye johari.

TAHADHARI

Kizuri hakikosi ila. Fikira hii nayo ina hatari zake, na mtu mzima hapewi asali bila kuambiwa habari za nyuki.

Hatari ya kwanza ni kuishia kwenye sura. Wahenga walitaja uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti. Tukisema mweusi ni mzuri, kisha mweusi huyo akamwibia mweusi mwenziwe au akampiga mkewe, tumepaka rangi mkakasi tu.

Hatari ya pili ni kutengeneza kibaba kipya cha kuwaonea wenzetu. Leo tunasema nywele za asili ni nzuri, kesho tunamtukana dada aliyesuka kwa namna nyingine kwamba si Mwafrika wa kweli. Ikiwa jana tuliumizwa na kibaba cha watu, tusikichonge chetu kwa ajili ya kumwumiza jirani.

Hatari ya tatu ni kudhani kazi imekwisha. Mwaka 1970 mwandishi mweusi wa Marekani, Toni Morrison, alitoa kitabu chake cha kwanza. Kinasimulia habari za msichana mweusi aliyeomba kwa Mungu apewe macho ya buluu, akiamini kwamba akiyapata atapendwa. Mwisho akili yake ikaharibika. Morrison alichapisha habari hiyo wakati neno "mweusi ni mzuri" limekwisha kuandikwa kila mahali. Alijua kwamba neno lililoandikwa ukutani huenda lisifike ndani ya nyumba, alikokaa mtoto peke yake na kioo.

Na sisi je? Vioo viko katika nyumba zetu pia. Hapa ndipo penye fedha zako, ewe ndugu uliyenung'unika mwanzoni. Wako wanawake, hata wanaume, wanaonunua mkorogo ili wajichubue ngozi. Dawa nyingine za namna hiyo zina zebaki, na zebaki hupenya mwilini ikaharibu figo. Mtu anatoa fedha za unga na za ada ya shule, ananunua ugonjwa. Simcheki mtu huyo, nanyi msimcheke. Yeye ni yule yule mtoto wa Clark, amekua. Aliulizwa nani mzuri, naye analijibu swali hilo kila asubuhi mbele ya kioo, kwa kibaba ambacho hakukitengeneza. Kumtukana hakutamponya. Kitakachomfaa ni kuonyeshwa kwamba kibaba kimebonyea, na kwamba anayo ruhusa ya kukirudisha.

KAZI YA NYUMBANI

Katika kutembelea madarasa, nimeulizwa mara nyingi: "Sanaa ni kazi ya wenye nafasi. Mimi nina jembe, nitaumbaje?" Tazama kwanza nyumbani kwako. Upo mkeka uliosukwa kwa ukili wa rangi. Uko mtungi uliotiwa nakshi shingoni, ijapokuwa maji yangepoa bila nakshi. Aliyeitia nakshi hiyo hakulipwa zaidi. Aliitia kwa sababu binadamu hatosheki na kunywa maji tu, hutaka pia kunywa kwa heshima. Fikira yote niliyoieleza leo imo katika nakshi ile.

Kisha msikilize unavyosema na watoto wako. Mama anapomwambia mwanawe, "Tazama lipua lako hilo," au baba anapomsifu binti mmoja kwa weupe wake mbele ya dada yake mweusi, kibaba kinabadilishana mikono. Chuo kikuu hakitakuwapo hapo kusahihisha. Utakuwapo wewe.

Basi kabla ya somo lijalo, fanyeni mambo haya.

1. Kila mmoja alete darasani kitu kimoja cha nyumbani kwake ambacho kina kazi na tena ni kizuri. Aandike sentensi tatu: kitu gani, nani alikitengeneza, na uzuri wake uko wapi.

2. Jadilianeni: Du Bois alitaka sanaa ipiganie haki, Locke alitaka ijitegemee. Ngoma na nyimbo za kijiji chenu zinafanya lipi kati ya hayo mawili? Je, wimbo mmoja waweza kufanya yote mawili?

3. Siti binti Saad alipochekwa kwa sura yake hakubishana juu ya sura. Kwa nini? Wewe ungejibuje?

4. Waulizeni wazee: zamani ni vazi gani lililomtambulisha mtu mnyonge, na watu waliliacha lini?

5. Andikeni maneno manne mnayoyatumia nyumbani kumsifu mtoto kwa sura yake, na manne ya kumsifu kwa kazi au tabia yake. Orodha ipi ilikuwa rahisi kuijaza?

Asiyeweza bado kuandika, na amwambie mwenzake amwandikie, kisha ajaribu kuisoma mwenyewe. Msione haya kwa herufi zilizopinda. Herufi hunyooka kwa mazoezi.

Hadi tutakapokutana tena, kwaherini.